Injinia wa Juja Road

Buda alinipa shahada kabla chuo hakijanipa. Mteja alisimama kwenye kivuli cha mabati yetu, amevaa shati jeupe la aina ambayo huku Mathare huvaliwa harusini tu, na buda akaninyooshea spana akasema, "Huyu kijana wangu ni injinia." Mimi nilikuwa nimelala kwenye katoni chini ya Probox. Ilikuwa miezi mitano tangu niache chuo: mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, karo imekwama. Buda alijua. Mteja hakujua. Ningeweza kutoka pale chini nisahihishe. Nilitoka, nikapangusa mkono kwenye ovaroli, nikamsalimia.

Ukisikia gereji usifikirie jengo. Ni mabati manne, shimo la kuingilia chini ya gari, sanduku la spana na redio. Tuko kando ya Juja Road, upande wa bondeni, ng'ambo ya ukuta wa kambi ya jeshi la anga. Mteja alitoka Muthaiga, ambako kwa ramani ni kuvuka Thika Road tu na umefika. Nimeishi Mathare maisha yangu yote na nimeingia Muthaiga mara mbili, zote nikiwa ndani ya gari ya mtu mwingine, nikisikiliza beringi inayolia.

Gari yenyewe ilikuwa Morris Minor 1000 ya 1960, ile ya paa la turubai linalokunjwa nyuma, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Ilichorwa na Alec Issigonis, jamaa huyohuyo aliyekuja kuchora Mini, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1948. Hadi wanaacha kuiunda mwanzoni mwa miaka ya sabini, zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 1.6. Hata leo mzee akiiona inapita Juja Road anasimama, anashika kiuno, anaanza hadithi.

Mteja aliirithi kwa babake. Alitaka kuipeleka Concours d'Elegance, ile ya magari mazuri inayoandaliwa na klabu ya Alfa Romeo tangu 1970, kule Ngong Racecourse, ambako majaji huinama kuchungulia hadi uvunguni. Lakini kwanza alitaka aweze kuiendesha bila kuomba Mungu. Kwenye kona iliyumba kama mlevi anayetafuta mlango wake, na breki zake zilikuwa za ngoma magurudumu yote manne: unakanyaga, unasubiri, unafikiria maisha.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu mkasa wote uko hapa. Mbele, Minor haina springi ya kuzunguka kama hizi gari zetu. Ina chuma kirefu kimelazwa chini ya sakafu, mwisho wake mmoja umefungwa kwenye bodi na mwingine kwenye mkono wa gurudumu. Gurudumu likipanda bampu, hicho chuma kinajisokota, halafu kinarudi. Shoki si zile ndefu tunazozijua, ni kibuyu cha mafuta chenye mkono, na mbele mkono huo ndio huohuo mkono wa juu wa gurudumu. Katikati ya mkono wa juu na wa chini kuna nguzo ya chuma, na ncha zake mbili zimechongwa thredi kama bolti. Zinaingia kwenye nati nene mbili, na ukikata kona, nguzo inajizungusha ndani ya hizo nati. Uzito wa kona ile ya gari unakaa kwenye thredi za nati ya chini. Zinahitaji grisi mara kwa mara, maisha yao yote. Zikikosa grisi, zinalika. Na ukitazama kwa nje huoni kitu, chuma kinakaa kizima.

Wiki hiyohiyo buda alienda shags, dadake alikuwa amefariki. Akaniachia kazi na mfanyakazi mmoja. Nilikuwa na laptop yangu ya chuo, na nilifanya kile ambacho mtu aliyeacha chuo hufanya akiitwa injinia: nikaandika ripoti. Kurasa sita. Breki za diski mbele. Shoki ndefu za kisasa pande zote, zile za mafuta zipumzike. Raba zote za viungio zitoke, ziingie za plastiki ngumu. Uingereza bado wanauza spea mpya za Minor, hadi vikatari vya kuifanyia hayo yote, kwa hivyo mteja aliagiza bila kulalamika bei. Alisema ripoti yangu imemfurahisha. Nilimwamini. Hata mimi ilinifurahisha.

Buda alinipigia simu siku tulipokuwa tunafunga diski. Hakuuliza kuhusu diski.

"Umefungua zile thredi za chini?"

"Nimezicheki."

Ukweli ni kwamba nilizipiga grisi, nikainua gari kwa jeki, nikashika gurudumu juu na chini, nikalitikisa. Halikucheza. Kuifungua ile nguzo ni kazi ya siku nzima, pengine mbili kama chuma kimeshikana na kutu, na mteja alikuwa anakuja Jumamosi.

Jumamosi alikuja. Tukakunja paa, nikashika usukani, yeye akaketi kando yangu, tukaelekea Huruma. Watoto walitukimbilia wakiimba. Niseme ukweli, gari ilikuwa tamu. Kona haikuyumba. Breki nilikanyaga mara moja nikasikia mkanda wa suruali ukinibana. Mteja alicheka kwa sauti, kama mtoto wa hao watoto, akasema, "Injinia, umenirudishia baba."

Kwenye bampu iliyofuata nilikanyaga breki, na chini yangu kitu kikasema *ta*. Tu hivyo. Kona ya kushoto mbele ikaanguka, gurudumu likajikunja ndani ya madigadi, na gari ikakwaruza lami kuelekea pembeni, mahali mama mmoja alikuwa anakaanga mandazi. Ilisimama hatua moja kutoka kwa karai. Mafuta yanayochemka. Mama hakukimbia, hakuwa na muda. Alibaki ameinua kijiko, ananiangalia.

Hakuna aliyeumia. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi usiku kichwani, nikiibadilisha mwisho.

Makanga wa matatu iliyokuwa nyuma yetu alichungulia dirishani akapiga kelele, "Gari ya harusi imepiga magoti!" Watu wakacheka, kisha wakatusaidia kuibeba kando. Mteja alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro, vumbi kwenye shati jeupe. Akaniuliza kwa upole, "Injinia, kumetokea nini?"

Nikamwambia. Kwanza kuhusu thredi, kwamba sikuzifungua. Halafu, kwa sababu alikuwa bado ananitazama kana kwamba kuna maelezo ya kitaalamu yanakuja, nikamwambia kuhusu chuo.

Alinyamaza muda mrefu. Aliniuliza babangu anarudi lini.

Buda alirudi Jumanne. Alifungua kila kitu mwenyewe, akanipa ile nati ya chini nishike. Ndani ilikuwa laini kama kikombe. Akaniambia grisi mbichi iliziba nafasi ndiyo maana gurudumu halikucheza mkononi. Na breki za zamani zilikuwa dhaifu, hivyo thredi zilizobaki, mbili au tatu, zilikuwa zinavumilia tu. Mimi nikaleta breki zinazoshika, raba zisizonyonya kitu, shoki ngumu, na nguvu zote hizo nikazituma mahali palepale. Alisema haya bila kupaza sauti, akichagua spana.

Halafu akachukua bisibisi, akaanza kudunga chini ya milango. Ikaingia kama kwa mkate. Gari isiyo na paa la chuma inabebwa na sakafu na zile kingo za chini ya milango. Zikioza, ukiifungia viungio vigumu itaanza kujikunja katikati. Hilo pia halikuwa kwenye kurasa zangu sita. Kabla ya kukata kutu, buda alichomelea vyuma kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, kila upande, ili bodi isilegee wakati kingo hazipo. Kazi ilichukua wiki saba. Nati na nguzo mpya zikaja, diski na shoki zikarudi mahali pake. Raba ngumu buda alizitoa kwenye bodi, akarudisha za kawaida.

Gharama ya nati, nguzo, madigadi na rangi ilikatwa kwa pesa yangu, miezi minne. Ndiyo nikaanza kuandika vitu vya kulipwa usiku. Makala yangu ya kwanza ilihusu faida za maji ya ndimu. Sijawahi kunywa.

Usiku mmoja, tukifunga, nilimuuliza buda kwa nini aliniita injinia mbele ya mtu. Nilitarajia aone aibu. Alikuwa anahesabu spana akizirudisha sandukuni, hakuacha.

"Miaka miwili na nusu nililipa," akasema. "Hiyo sehemu ni yangu."

Concours tulienda, kwa tiketi ambazo mteja alitutumia. Jaji alipiga goti akachungulia chini ya Minor, na buda, nyuma ya kamba, akainama naye bila kujua. Haikushinda. Mteja aliiendesha yenyewe hadi nyumbani.

Siku hizi huileta kila baada ya miezi michache. Naiinua kwanza, gurudumu lining'inie, thredi za chini zipumue, ndipo nasukuma grisi. Inatoka nyeusi, naendelea kusukuma. Nasubiri hadi itoke rangi ileile iliyoingia nayo, halafu nahamia upande wa pili.