Safari ya Saadani, Mbuga Iliyo Kando ya Bahari

Watu wa kwetu Likuyani wakitajiwa pwani hufikiri Mombasa, na wakitajiwa wanyama hufikiri Maasai Mara. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka mwezi wa Agosti mwaka 2019 nilipofunga safari kwenda Saadani, katika nchi ya Tanzania, baina ya Pangani na Bagamoyo. Pori hilo lilianza kuhifadhiwa kwa ajili ya wanyama katika miaka ya 1960, na mwaka 2005 likafanywa Hifadhi ya Taifa.

Nilipanda basi Matunda, nikapita Nairobi na Mombasa, nikavuka mpaka Horohoro, nikalala Tanga. Habari za njiani si nyingi, ila vumbi na maumivu ya mgongo. Pangani tulivuka mto kwa pantoni, pamoja na baiskeli na mikungu ya ndizi, kisha tukashika njia ya kusini.

Upande wa kaskazini wa hifadhi, uitwao Mkwaja, ndio ulionishughulisha zaidi, maana mimi ni mkulima na mfugaji. Katika miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ilianzisha hapo shamba kubwa la ng'ombe, ili wafanyakazi wake wapate nyama. Lakini mbung'o walikuwa wengi, na nagana ikawala ng'ombe. Dawa zilitumika mwaka hata mwaka, vichaka vikafyekwa, na miiba ikaota upya. Mwaka 2000 shamba likafungwa.

Nilipoitazama ile migunga nilimkumbuka marehemu baba, aliyepata ekari zake Likuyani mashamba ya walowezi yalipogawanywa baada ya Uhuru. Yeye alikuwa akisema kwamba hakuna ardhi inayomshinda mtu mwenye bidii. Laiti angaliiona hii! Kiongozi wetu akatuonyesha mahali palipokuwa mazizi. Nyasi za hapo ni fupi na laini kuliko za kando, kwa sababu ya samadi iliyorundikana miaka mingi, na ngiri walikuwa wamepiga magoti wakizila. Ng'ombe wameondoka, na mbolea yao inalisha ngiri.

Mbele kidogo gari lilisimama.

"Mzee, watazame wale," akasema kiongozi. "Kongoni."

Walikuwa saba, rangi yao kama udongo mwekundu uliofifia, nyuso ndefu, pembe zimepinda. Sasa msomaji afahamu kwamba kwetu Likuyani iko kata iitwayo Kongoni. Tangu utoto nimelitaja jina hilo kila siku ya soko, wala sikupata kumwona mwenye jina. Mahindi yetu yamefika hata ukingo wa barabara. Mnyama mkubwa kama huyo angekaa wapi? Kiongozi alieleza kwamba hao ni wa jamii ya kusini, na kwamba wa nchi zetu za juu ni wa namna nyingine. Niliitikia kwa kichwa, lakini macho yangu hayakuondoka kwao mpaka walipoingia porini.

Jioni tulifika ufukweni. Nilikuwa nimeambiwa kwamba tembo hushuka mpaka mchangani; sikuwaona, niliona nyayo za nyani tu na mashua za wavuvi zikirudi. Huko Madete kasa hupanda pwani usiku kutaga mayai. Kesho yake tulipanda mashua katika mto Wami, ambao viboko wake hupumua karibu kabisa na mikoko, na maji huwa matamu au ya chumvi kadiri bahari inavyokupwa na kujaa. Mamba mmoja alilala ukingoni kinywa wazi, nami nikakunja miguu yangu ndani ya mashua, ingawa alikuwa mbali.

Nilirudi nyumbani siku ya nne. Mjukuu wangu aliuliza kongoni ni mnyama gani, maana yeye alidhani ni jina la duka. Nikachukua kijiti, nikamchorea zile pembe uani, mavumbini. Akasema zinafanana na usukani wa baiskeli.