Ndege ya Dakika Mbili

Msafiri apandaye eropleni katika kisiwa cha Westray kwenda Papa Westray hana haja ya kuchukua chakula cha njiani, wala gazeti la kusoma. Rubani huiinua ndege juu ya bahari, na kabla abiria hajamaliza kuyatazama mawimbi yaliyo chini yake, magurudumu yamekwisha gusa ardhi ya ng'ambo. Umbali wote ni maili 1.7. Katika ratiba safari hiyo imeandikiwa dakika mbili, na siku moja upepo ulipokuwa mwema ilimalizika kwa sekunde 53. Ulimwenguni kote hapana safari nyingine ya ndege ya abiria, yenye saa zake maalum, iliyo fupi kuliko hiyo.

Asikiaye habari hii mara ya kwanza hucheka. Kisha huuliza: Kwa nini watu wale wasivuke kwa mashua? Na kwa nini fedha za kodi zitumike kwa safari ambayo, kama si bahari, mtu angeimaliza kwa miguu kabla ya saa moja kwisha?

Jawabu limo katika nchi yenyewe. Visiwa vya Orkney viko kaskazini ya Uskoti. Hesabu yake ni kama 70, lakini vinavyokaliwa na watu ni kama 20 tu, na mji wao mkuu ni Kirkwall. Ni nchi ya wakulima. Majani ni mabichi, ng'ombe wa nyama wamenenepa, na kuta za mawe hugawanya mashamba. Miti ni haba, kwa sababu upepo hauiachi ikue. Katikati ya majira ya baridi jua huonekana kwa muda wa saa sita hivi, kisha giza huingia. Dhoruba ikivuma, mashua hufungwa gatini, na kisiwa kilichokuwa jirani jana huwa mbali kama nchi ya kigeni.

Mtu aliyeonyesha kwamba ndege yaweza kuponya shida hiyo alikuwa Kapteni Fresson. Mwaka 1934 alianza kuchukua barua za posta kutoka Inverness mpaka Kirkwall, kwa stempu ya bei ile ile ya barua ya kawaida. Baadaye, mwaka 1962, Willie Logan, mjenzi wa barabara na madaraja, alianzisha kampuni ya Loganair, ambayo kwanza ilikuwa ya kusaidia shughuli zake za ujenzi. Logan mwenyewe alikufa Januari 1966 katika ajali ya ndege, ambayo haikuwa ndege ya kampuni yake. Lakini kazi yake haikufa pamoja naye. Mwaka 1967 Loganair ikaanza kuvihudumia visiwa vidogo vya Orkney.

Ndege iliyoifaa kazi hiyo huitwa Islander, nayo ilibuniwa katika kisiwa cha Wight, kusini ya Uingereza. Ina injini mbili na mabawa mapana yaliyowekwa juu, nayo huweza kuruka na kutua katika kiwanja kifupi. Huchukua abiria wanane, na mmoja wao aweza kuketi ubavuni mwa rubani kama mtu aliyepewa nafasi mbele katika lori la jirani. Wanaoipanda si matajiri wa kutembea tu. Ni mwalimu aendaye kufundisha, fundi mwenye sanduku la vyombo, mzee aendaye kuonana na daktari huko Kirkwall, na mwanafunzi arudiye kwao. Kulikuwa na wakati ambapo hata karani wa benki alikwenda hivyo kisiwa kwa kisiwa, na fedha zake na madaftari yake, ili mkulima asipoteze siku nzima kwa ajili ya kuweka akiba. Na kwa muda wa miaka mingi, hata mwaka 2006, kampuni hiyo ilichukua pia wagonjwa wa visiwani kuwapeleka hospitali. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Anayeona kwamba gharama hiyo ni ya bure na aikumbuke St Kilda. Hiki nacho ni kisiwa cha Uskoti, maili 40 hivi magharibi ya visiwa vya Hebrides. Watu walikaa huko kwa karne nyingi, wakila ndege wa baharini na kufuga kondoo. Mwanzoni mwa mwaka 1930 mwanamke kijana aliugua, na majuma yakapita kabla ya meli kumchukua. Akafa hospitalini huko bara. Mwaka huo huo wenyeji waliandika barua kwa Serikali kuomba wahamishwe, kwa kuwa vijana walikuwa wakiondoka na waliobaki hawakuweza tena. Tarehe 29 Agosti watu 36, ndio wote waliosalia, walipanda meli. Yasimuliwa kwamba katika kila nyumba waliacha Biblia iliyofunuliwa na nafaka kidogo, kisha wakafunga milango.

Papa Westray haikufungwa milango. Katika hesabu ya mwaka 2011 walionekana watu 90, na kisiwa kina shule yake na duka lake la ushirika. Baraza la Visiwa vya Orkney hutoa fedha ili nauli ipungue na ndege iendelee kuruka, maana nauli za watu wachache kama hao haziwezi kulipa gharama zote.

Kando ya pwani ya kisiwa hicho zimesimama nyumba mbili za mawe ziitwazo Knap of Howar. Walizijenga wakulima waliofuga ng'ombe na kondoo mahali hapo zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, nazo ni miongoni mwa nyumba za kale kabisa zilizosimama bado kaskazini mwa Ulaya. Ng'ombe wangali wakilishwa karibu nazo. Abiria aliyeketi dirishani aweza kukiona kisiwa chote kwa mara moja, na moshi wa nyumba zake. Dakika mbili hizo ndizo zinazofanya mama akubali kulea watoto wake huko, na mwalimu akubali kupelekwa huko kufundisha.