Leseni ya Mama wa Vitenge

Juzi benki, hapa Tunduma, binti aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, mkononi fomu ya mkopo, alinigeukia: "Bibi, kwani zamani wanawake walikatazwa kuwa na shamba?" Nikamwambia hawakukatazwa, ila majina yalipoandikwa hakuna aliyewauliza yao. Akasema "Pole," akarudi kwenye simu. Fomu aliisaini bila kuisoma, nami nikanuna mpaka nyumbani.

Angekulia dukani kwa mama wa vitenge asingesaini hivyo. Duka lilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, si mbali na mpaka, kaunta yake ya mbao imelainishwa na viwiko vya wateja. Ukiingia, ilikupokea kwanza harufu ya wanga wa kitenge kipya kutoka ng'ambo ya Nakonde, halafu mafuta ya taa, halafu samaki wakavu wa jirani, na hiyo ya tatu ilikufuata hadi kanisani. Alipima kwa mkono wake mfupi, na kulalamika hakukusaidia. Deni aliliandika nyuma ya kalenda, kwa jina kamili la mdaiwa na la babake. Ukimwambia "andika tu Mama fulani", alikataa. "Mama fulani hashtakiwi."

Mumewe alifariki mwaka 1983. Dada yangu anashikilia 1984, nimemwachia. Siku ya kuanua matanga shemeji zake waliteremka kutoka Mbozi wakitaka shamba la kahawa, ng'ombe, duka, na, kwa sauti ya chini, yeye mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikwisha kusema mjane yuko huru kuishi atakapo na kuolewa na amtakaye, au asiolewe kabisa. Hapo aliwashinda. Lakini mila ya urithi ilikuwa nayo imeandikwa, katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963: mjane mwenye watoto hana fungu, watamtunza wanawe. Hakurithiwa, wala hakurithi. Shamba likaondoka na miche aliyoipanda yeye.

Duka likabaki. Marehemu alichoka kwenda Vwawa kila mwaka kuhuisha leseni, akawa anamtuma mkewe, na karani aliandika jina la aliyesimama mbele yake. Uvivu wa mume ndio uliomlinda mjane. Shemeji zake walipoiona ile leseni waliisoma, wakaigeuza, wakaisoma tena. Tangu hapo wanawake walimletea karatasi zao awasomee, risiti za kahawa, vyeti vya ndoa, na swali lake lilikuwa moja: jina la nani?

Yaliyofuata yalikuja mbiombio. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikatungwa 1999, ikaanza kazi 2001, na Mbozi ikawa miongoni mwa wilaya za mwanzo kutoa hati za hakimiliki ya kimila, nyingine zina picha mbili, ya mume na ya mke. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga mila ya urithi Mahakama Kuu. Mwaka 2006 ikakiri inabagua, lakini ikakataa kuifuta. Wakafika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa, ikawaunga mkono 2015. Rebeca Gyumi alishinda kesi ya umri wa ndoa 2016, serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2019, na muda wa kurekebisha vifungu vya Sheria ya Ndoa ukapita vivi hivi. Wanafunzi waliojifungua wakaruhusiwa kurudi shule mwishoni mwa 2021. Siku hizi haki zetu zimechapishwa kwenye fulana, ambazo ni nyepesi kusoma kuliko hati.

Duka lilibomolewa kupisha maegesho ya malori. Fidia ililipwa kwa mabinti zake wawili, kwa wosia alioandika mbele ya mashahidi. Mwanawe wa kiume, ambaye ni rafiki yangu, bado ananung'unika.