Karte ya Lupitali

Kama hukukulia kampi ya Gécamines, kampuni ya madini, hapa Lubumbashi, labda hujui raha ya kuugua bila kuuliza bei. Sisi watoto wa kampi tuliumwa ovyo. Tumbo likikata kidogo, Mama anafungua sanduku, anachomoa karte chini ya vikwembe vyake vya sikukuu, inanuka dawa ya nondo, na safari ya dispansari inaanza. Muuguzi hakumtazama mtoto kwanza, alitazama karte: jina la Papa, matrikule yake, jina la Mama, kisha sisi mmoja mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa. Ukiwa umeandikwa pale, umepona nusu. Sindano, nivaquine chungu, meno, hata kisu cha munganga, Papa hakutoa likuta hata moja.

Upepo ukigeuka, moshi wa lile bomba refu la kiwanda ulitushukia, ukali wake wa salfa ukikwangua koo, na kampi nzima inakohoa. Tulikohoa bure, tukatibiwa bure. Sijui kama hiyo ni haki, lakini ilikuwa hesabu inayoeleweka.

Bibi ndiye aliyetusimulia yalikoanzia, usiku, tukimenya karanga. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyotangulia Gécamines, ilikuwa imechoka kuleta vijana kutoka mbali na kuwapoteza kwa magonjwa na kutoroka. Basi kuanzia mwaka 1928 hivi ikaona heri mfanyakazi akae na mkewe, azae, azeeke kazini. Daktari Mbelgiji, Léopold Mottoulle, ndiye aliyeshika mambo hayo: mama wazalie lupitalini, watoto wapimwe uzito, walishwe. Bibi aliichukia ile mizani. “Mwanangu ananing’inizwa kama kapenta wa soko!” alikuwa akisema, na kila wiki alikwenda. Alijua vizuri kwamba mtoto yule alipimwa kwa sababu kesho angeshika sururu. Mwaka 1967 Mobutu aliitaifisha kampuni, jina likabadilika mara kadhaa, lakini mizani ilibaki na karte ikabaki.

Ila karte ilikuwa na macho makali. Kampuni ilimtambua mke mmoja tu. Jirani yetu mmoja, fundi wa umeme mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, alikuwa na mke wa pili kule mtaa wa Katuba, na malaria haikujua kutofautisha mke wa kwanza na wa pili. Basi watoto wa Katuba wakiugua, waliletwa kampi na kuazimwa majina. Siku moja kijana mmoja wa kule alipelekwa akiwa amevimba koo, akaitikia jina la kaka yake kwa sauti safi kabisa. Munganga akafungua faili, akakunja uso: huyu si alikatwa mafindofindo mwaka jana? Akawasha tochi, akachungulia. Yako pale, yote mawili, mekundu kama kawaida. Mama wa kambo, bila kupepesa jicho, akasema, “Munganga, yameota tena.” Dispansari nzima ililipuka kwa kicheko. Akapewa dawa. Munganga yule alikuwa mtu.

Wengine hawakubahatika. Binti akiolewa, jina lake lilipigwa mstari. Mwanamke akiachwa, vilevile. Nilimwona mama mmoja akitazama mstari ule wa wino kwenye karte muda mrefu, bila kusema kitu, halafu akajifunga kikwembe upya na kwenda zake.

Yaliyofuata unayajua, au umesimuliwa. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaporomoka. 1991 wanajeshi wakapora miji. Halafu ndugu zetu wa Kasai wakafukuzwa Katanga, na kati yao walikuwa mafundi, walimu, wauguzi waliotuchoma sindano tukiwa wadogo. Kampuni iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya themanini, haikufikisha hata 50,000 mwaka 1993. Lupitalini zilianza kukosekana bandeji. Baadaye mgonjwa akaja na glavu zake, sindano yake, na mafuta ya taa. Mwaka 2003 ikaja ile waliyoiita “kuondoka kwa hiari”, kwa fedha za Benki ya Dunia, na wafanyakazi kama elfu kumi wakaondoka. Papa naye. Hiari gani, alikuwa akiuliza, mshahara wenyewe hujauona miezi na miezi? Karte alikuja nayo nyumbani. Haikufungua tena mlango wowote.

Leo ukimpeleka mtu hospitali, dirisha la kwanza ni la kashia. Nimewaona wanawake waliojifungua salama wakikaa wodini wiki nzima na vichanga vyao kwa sababu bili haijalipwa, ndugu wakipita nyumba kwa nyumba kuchanga.

Ndiyo maana nakueleza habari ya mtoto wa yaya yangu, ndugu yangu mkubwa. Aliondoka hapa kwenda Ubelgiji kama kijana wa kiume. Sasa ni mwanamke, ananiita Tantine kwa sauti ileile ya kudeka. Alipotupigia simu kwamba amefanyiwa upasuaji kule Gent wa kuuweka mwili wake sawa na anavyojijua, nyumba iliwaka moto. Mmoja alitaka tufunge na kuomba. Mjomba alitaka simu ikatwe. Mama yangu, mjane wa Gécamines, aliyekuwa akichambua sombe bila kuinua kichwa, aliuliza jambo moja tu: “Nani alilipa?”

Akaelezwa. Kule kila mkazi yumo katika mutueli, mfuko wa afya. Unachangia, na ukiugua unalipiwa sehemu kubwa, nawe unaongeza kidogo. Wala hakuna aliyemlazimisha. Zamani, kwa sheria ya 2007, mtu alidaiwa kwanza apasuliwe na asiweze kuzaa tena ndipo vyeti vyake vibadilishwe. Tangu Januari 2018 hadaiwi hivyo. Alipasuliwa kwa sababu alitaka.

“Na mume wake anafanya kazi wapi?” Mama akauliza.

“Sina mume, Bibi,” sauti ikajibu simuni. “Karte ni yangu mwenyewe.”

Mama aliacha sombe. Mambo ya mwili hakuyaelewa, na alisema hivyo wazi; lakini karte ya mwanamke asiye mke wa mtu, hiyo aliitaka ielezwe mara ya pili. Wiki iliyofuata ndiye aliyempigia mjukuu wake kumuuliza kama kidonda kimekauka.

Huku kwetu hakuna mpango wa serikali unaofika kwenye upasuaji wa namna hiyo, na hata kuzaa bila malipo kulizinduliwa Kinshasa mwaka 2023 tu. Watu wa Katuba wanaucheka mpango huo wa kuzaa bila malipo, mimi siucheki. Nimeshaona huduma kubwa ikijengwa hapa na nimeiona ikifa. Ukitufikia ukiwa mzima, nitapanga foleni alfajiri. Naomba tu yule atakayekaa dirishani asianze kwa kuuliza mimi ni mke wa nani.