Kopo la Pojo na Madaftari ya Kitui

Binti yangu alipopangiwa shule ya bweni huko Kitui, jamaa walinijia na pole kana kwamba anavushwa bahari. "Huko ni kukavu," walisema, "na Waislamu ni wachache." Nami nilikuwa na hofu hiyo hiyo, ila sikuitamka mbele yake.

Siku moja ya mwezi wa Januari tulipanda treni asubuhi Mombasa, tukashuka Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, kisha tukaunga na matatu ya Kitui. Barabara hiyo ya lami huuvuka mto Athi, ikapita Ikutha na Mutomo, katikati ya ardhi nyekundu na mibuyu. Ulikuwa msimu wa maembe, na kila kituo akina mama walituletea ndoo zilizojaa hadi dirishani.

Njiani nilimkumbusha binti yangu kwamba sisi na watu wa Kitui tunajuana tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka pwani na pembe za ndovu. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui aliyeuawa mwaka 1851, alikuwa akifika Mombasa. Hata leo, mbaazi tunazozipika kwa nazi na kuzila kwa mahamri, nyingi hulimwa Kitui, Makueni na Machakos. Aliposikia hayo ya mbaazi alicheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu tutoke nyumbani.

Tulisali adhuhuri katika msikiti wa mjini, kisha tukaingia soko la Kalundu na orodha ya shule mkononi. Soko hilo lina utajiri ambao mgeni hautarajii katika nchi inayosifika kwa ukame. Kulikuwa na pojo, ambazo huko huitwa ndengu, zimerundikwa juu ya magunia zikimeta kijani. Kulikuwa na kunde, mtama, wimbi, na muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda. Asali ya Kitui ilisimama ndani ya chupa, nyeusi na nzito, na vyondo vya katani vilivyosukwa kwa mkono vilining'inia juu ya vichwa vyetu.

Nilitaka pojo za kurudi nazo nyumbani. Muuzaji alikuwa bibi mtu mzima aliyeketi juu ya kigoda. Huko nafaka hupimwa kwa kopo la bati, kama vile bibi zetu walivyopima kwa kibaba na pishi. Na pishi bado tunaitaja kila tunapotoa zaka ya fitri. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba wako wachuuzi wanaobonyeza kitako cha kopo kwa ndani ili lijae upesi. Basi nikamwambia, "Mama, hebu ligeuze kopo lako nilione chini."

Bibi alinitazama kidogo. Akaligeuza. Kitako kilikuwa kizima, sawasawa kama kilivyotoka kiwandani. Hakusema neno. Alilijaza hadi likafanya kilima, akamimina mfukoni, kisha akachota gao jingine akaongeza. "Hii ni ya mtoto," alisema. Neno moja tu la Kikamba nilikuwa nimejifunza njiani, nikalitumia: "Muvea." Yaani asante. Akatabasamu, nami nikaondoka na haya usoni.

Duka la vifaa vya shule lilikuwa limefurika wazazi. Nilinunua dazeni mbili za madaftari, kalamu, rula, mkebe wa vifaa vya hisabati, kufuli la sanduku na ndoo. Kijana muuzaji alihudumia watu watano kwa wakati mmoja. Nililipa, tukakimbilia stendi, kwa kuwa lango la shule lilikuwa lifungwe saa kumi na moja.

Tukiwa tumeshaketi garini, binti yangu alifungua mfuko. "Mama, tumelipia dazeni mbili. Humu zimo tatu."

Dada zangu, nitawaambia nilichojibu, wala si jambo la kujivunia. Nilisema, "Tumechelewa. Labda ni riziki yako."

Akanyamaza, kisha akasema kwa adabu, macho chini, "Lakini yule bibi ulimgeuzia kopo."

Binti yangu ameisoma Sura ya Al-Mutaffifin madrasa, kama nilivyoisoma mimi. Inawaonya watu ambao wakipimiwa hutaka kipimo kamili, na wao wakipima hupunguza. Siku zote niliisoma nikiwafikiria wachuuzi. Sikuwahi kujiona mimi, mnunuzi, ndani yake.

Tulishuka. Kijana yule alipoyaona madaftari alishika kichwa. Jioni tajiri wake huhesabu bidhaa, alituambia, na kinachopungua hukatwa katika mshahara wake. Alimshukuru binti yangu kwa heshima, akamuuliza ni shule gani aendayo, akamtakia kheri.

Langoni tulifika saa imeshapita, bawabu akanung'unika, lakini akatufungulia. Nilimkumbatia mwanangu, nikamwona akilivuta sanduku lake uwanjani mpaka akapotea nyuma ya jengo. Nililia kidogo, kama mama yeyote.

Kwa mwenye kumpeleka mtoto kusoma Kitui au Makueni, nasaha yangu ni ndogo. Usibebe kila kitu kutoka Mombasa. Masoko ya huko yana vyote, na fedha yako itamfaa mkulima na mchuuzi. Jifunze kusema "muvea." Na mkimaliza kununua, hesabuni pamoja na mtoto, mlichopungukiwa na mlichozidishiwa.

Pojo zile nilizipika kwa nazi Ijumaa iliyofuata. Zilitosha nyumba nzima, zikabaki.