Majani ya Jumamosi Yafike Alhamisi

Wadau, leo siasa ziko likizo. Tuongee saladi. Najua kuna watakaosema mwandishi kaishiwa habari, lakini subirini kwanza.

Mama yuko kwangu hapa Dar tangu mwezi wa tatu kwa ajili ya kliniki ya kisukari. Daktari kamwambia nusu ya sahani iwe mboga, robo wanga, robo samaki, nyama au maharage. Kutamka ni rahisi. Mimi natoka chumba cha habari saa nne usiku, kurasa zikichelewa saa tano, na genge la mtaani kwetu linafungwa saa mbili. Mama goti linamsumbua, ngazi za ghorofa ya tatu haziwezi. Soko langu ni Jumamosi tu. Kwa hiyo majani ya Jumamosi lazima yafike Alhamisi yakiwa bado yanatafunika kwa mlio, maana Mama hali kitu kilicholegea. "Mwanangu, haya wapelekee sungura," ndiyo kauli yake. Na mboga isipoliwa, nafasi yake kwenye sahani inachukuliwa na ugali. Kesho yake asubuhi kipimo cha sukari kinatoa taarifa, na hakina upendeleo.

Nikafanya ninacholipwa kufanya: kuuliza na kusoma. Mshikaji wangu mmoja aliyesomea kilimo alinifungua macho kwa sentensi moja: jani lililokatwa bado linaishi. Linaendelea kupumua na kupoteza maji, tofauti ni kwamba halina tena mzizi wa kuyarudisha. Saladi ni maji kama asilimia 95, kwa hiyo ikipoteza kidogo tu inalala. Joto linaongeza kasi ya kupumua, hewa kavu inanyonya maji. Ukishalielewa hilo, mengine yote unaweza kuyakisia mwenyewe.

Chukua wauzaji wetu na yale makopo ya kunyunyizia maji. Siwalaumu, biashara yao ni ya siku moja na maji yanafanya majani yasimame mpaka jioni. Ila wewe unayetaka siku tano, maji yale ni adui. Jani linataka hewa yenye unyevu, halitaki kulowa. Ukilifungia na matone juu yake, bakteria wanasherehekea, na siku ya pili unakuta utelezi mweusi. Ndiyo maana nanunua alfajiri, kabla jua halijawaka na makopo hayajaanza kazi.

Nikifika nyumbani natupa majani yaliyochubuka, maana moja likioza linaambukiza jirani. Mengine siyaoshi. Nayafuta, nayatandaza kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko, chini kitambaa safi cha pamba kikavu, juu kitambaa kingine. Kitambaa kinafyonza matone na kutunza unyevu kwa pamoja. Kikilowa nabadilisha. Bakuli linakaa droo ya chini ya friji, mbali na sehemu inayogandisha, kwa sababu jani likiganda halirudi. (Zamani tungetumia mfuko wa rambo, lakini ulipigwa marufuku Juni 2019, na ile mifuko mbadala inapitisha hewa mno.) Giligilani naisimamisha kwenye glasi ya maji kama maua. Karoti naikata majani yake kwanza, yanainyonya.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: matunda yanayoiva yanatoa gesi iitwayo ethilini. Embe, parachichi, ndizi mbivu, tofaa, nyanya, wote hao. Gesi hiyo inafanya saladi itoke madoa ya kahawia na tango ligeuke njano. Kwangu matunda yana kikapu chake mezani. Nyanya nazo zinakaa mezani mpaka ziive, baridi kali inaua ladha yake. Tango pia halipendi baridi kali, linakaa rafu ya juu na linaliwa mapema.

Halafu kuna ratiba. Jumamosi hadi Jumatatu tunakula majani laini, Jumanne matango na hoho, Jumatano narudi kwenye bakuli na kulimaliza Alhamisi. Ijumaa ni kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti na limau. Kabichi ni mvumilivu sana, haipewi heshima inayostahili. Jani likilegea tu bila kuoza, nalizamisha kwenye maji baridi nusu saa, linasimama tena.

Umeme ukikatika, mlango wa friji haufunguliwi. Ukiuacha umefungwa baridi inadumu kama saa nne. Rafiki yangu aliyehamia Dodoma hana friji kabisa, anatumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa. Mbinu hiyo ilimpatia Mohammed Bah Abba wa Nigeria Tuzo ya Rolex mwaka 2000. Maji yanapokauka kwenye chungu cha nje yanaondoka na joto. Dodoma hewa ni kavu, inafanya kazi vizuri. Hapa pwani hewa yenyewe imeshiba maji, kwa hiyo msitegemee maajabu.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Jani bichi linaweza kuwa zuri kwa macho na bado likabeba vijidudu. Waliokuwa Dar Agosti 2015, kipindupindu kilipolipuka, wanakumbuka jinsi tulivyoiogopa kachumbari. Kuosha kwangu ni dakika chache kabla ya kula, jani moja moja, kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, na mikono imeoshwa kwa sabuni kwanza. Ila kuna uchafu usiooshwa. Mboga zinalimwa hata kwenye bonde la Msimbazi, mto unaopokea majitaka ya jiji, na madini mazito yakishapanda kwenye jani kupitia mzizi, hakuna maji ya kuyatoa. Kwa hiyo swali langu la kwanza sokoni siyo bei. Namuuliza dada muuzaji mzigo umetoka wapi. Akisema Lushoto na kunionyesha tenga lililoshushwa usiku, nanunua. Akianza kucheka na kutazama pembeni, nachukua kabichi za wiki nzima na kupanda daladala.