Sanduku la Kufuli Tatu

Maji yakiwa mafu, wanawake wengi wa Mlingotini hawashuki shambani. Bahari haipwi vya kutosha kuzifikia kamba za mwani, kwa hiyo siku hizo ndizo za kufua, za kwenda zahanati na za kikoba, kikundi chao cha kuweka akiba na kukopeshana. Shangazi yangu ni mkulima wa mwani wa miaka mingi, na katika kikundi chao yeye ni mshika ufunguo. Mwaka mmoja nilipokuwa likizo kwake aliniambia, "Wewe si mtu wa mahesabu? Njoo ukae uone yetu."

Mimi ni mhasibu. Nimepita kwenye mitihani ya NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na nimehudhuria vikao vya wakurugenzi Dar es Salaam ambako chai huletwa na wahudumu waliovaa tai. Nilikwenda nikidhani nitawasaidia kupanga daftari.

Sanduku lao ni la chuma na lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu wasio viongozi, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Kabla ya kulifungua, mwenyekiti aliuliza: "Mara ya mwisho tuliacha shilingi ngapi?" Wanawake wote wakajibu kwa pamoja, mpaka shilingi mia. Kisha wahesabu fedha wawili wakamwaga noti na sarafu juu ya mkeka, wakahesabu kwa sauti. Zikitofautiana na kile walichokitaja, mkutano hauendelei mpaka ijulikane kwa nini. Hata asiyejua kusoma analibeba salio kichwani, na kwa hiyo hakuna kalamu inayoweza kumdanganya.

Nilitulia. Salio la kufungia liwe ndilo salio la kufungulia: somo hilo nilifundishwa darasani kwa wiki nzima.

Siku hiyo Shangazi alininong'oneza kuhusu mama mmoja aliyekuwa nyuma kabisa. "Yule mtazame. Zamani alikuwa akikaa mbele, sasa anakaa pembezoni. Hajachelewa rejesho hata moja, lakini atachelewa." Kabla mkutano haujaisha walimwuliza taratibu, bila kumwaibisha, akasema. Maji yalikuwa yamepata joto, mwani wake, ule wa kotonii wenye bei nzuri, umegeuka mweupe na kukatika kamba kwa kamba. Alibakiwa na mbegu kidogo tu. Wakamwongezea muda. Kisha wakakubaliana jambo ambalo lilinifanya niache kuandika: fedha ya mkopo ule isihesabiwe kwenye mgawo wa mwisho wa mwaka mpaka itakaporudi sandukuni.

Tangu tarehe 1 Januari 2018 kinatumika kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha, wahasibu tunakiita IFRS 9, kinachozitaka benki zifanye kitu hicho hicho. Kiwango cha zamani kiliziruhusu kungoja mpaka dalili za hasara zionekane ndipo zitenge fedha. Msukosuko wa fedha duniani wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ukingoja hivyo unakuwa umechelewa. Sasa benki inatakiwa iitazame mikopo ambayo bado inalipwa vizuri, ijiulize ni kiasi gani kitapotea, na ikiandike leo. Nimeona mameneja wakilipinga jambo hili kwa hasira, kwa sababu linapunguza faida ya mwaka na pamoja nayo bonasi. Wanawake wa Mlingotini nao lilikuwa linawapunguzia mgawo wao. Walilikubali.

Siku tatu tu baada ya kiwango hicho kuanza kutumika, tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa kuwa mtaji wao ulikuwa umepungua kuliko sheria inavyotaka: Covenant Bank for Women, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Sisemi kiwango kipya ndicho kilichoziangusha, wala sisemi kulikuwa na wizi. Lakini yasome tena majina hayo: wanawake, wananchi, wakulima. Bima ya amana wakati huo ilimfidia mteja mpaka shilingi milioni 1.5, na aliyekuwa na zaidi alibaki akingoja mali za benki ziuzwe. Mtaji hauliwi kwa usiku mmoja. Kuna vikao ambavyo namba hizo zilipita mezani.

Majirani zetu Kenya nao waliona la kwao. Oktoba 2015 Imperial Bank iliwekwa chini ya usimamizi wa mrasimu, mwezi mmoja baada ya mkurugenzi wake mkuu kufariki, pale bodi yenyewe ilipokwenda Benki Kuu ya Kenya kueleza kwamba imegundua ulaghai. Hesabu za benki ile zilikuwa zikikaguliwa kila mwaka. Na sisi Tanzania tumevikubali viwango vya kimataifa tangu tarehe 1 Julai 2004. Vitabu tunavyo.

Usiku ule, barazani, nilimweleza Shangazi jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini, tarehe 31 Desemba, nilitakiwa na mkubwa wangu niandike mauzo ya shehena iliyokuwa bado imo ghalani. Mnunuzi ameshakubali, aliniambia, lori linapakia keshokutwa, siku mbili zina tofauti gani? Nikaandika. Kitabu cha hesabu kiliwafikia wajumbe wa bodi asubuhi ya kikao, kikapitishwa kabla ya chai kupoa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha ukutani, sikufungua mdomo. Mwaka uliofuata mnunuzi akaikataa nusu ya mzigo, pengo likaonekana, na waliopunguzwa kazi walikuwa vibarua wa ghala.

Shangazi alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Wenye mali walikuwa wapi?"

"Hawakuwepo. Wenye hisa ni wengi, wengine wako nje ya nchi."

"Basi nani aliulizwa, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, ila swali lake lilinifundisha kazi yangu upya. Wanakikundi thelathini wanaweza kukaa mkeka mmoja wakaona noti zikihesabiwa. Mstaafu ambaye mfuko wake wa pensheni umenunua hisa, mjane aliyeweka amana Njombe, mnunuzi wa hatifungani aliye London, hao hawatakaa mkeka mmoja kamwe. Viwango vya kimataifa ni lugha inayowawezesha kuhesabiwa fedha yao wakiwa mbali. Ndiyo maana tarehe si jambo dogo. Nilipoandika mauzo ya Januari katika Desemba, niliwahesabia fedha ambayo haikuwa juu ya mkeka, nikijua hawana namna ya kuiona.

Tangu hapo nimekataa mara mbili kuandika mauzo ya namna hiyo, na mara moja kukataa kulinigharimu kazi. Sijutii.

Kwa walio kwenye vikoba: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vyenu katika daraja la nne, na usajili hufanyika kupitia halmashauri. Jisajilini, na msiache kulitaja salio kwa sauti hata mkipata daftari la kwenye simu.

Nanyi wajumbe wa bodi, mliokabidhiwa fedha za watu ambao hamtawaona: kama hesabu za mwaka zimewafikia asubuhi ya kikao, ombeni kikao kiahirishwe.